Kilwa kwa kamera: kuta za matumbawe, jua la kusi na kazi ya usiku

Simulizi hii imeunganishwa baada ya kurudi Dar es Salaam, kutoka kwenye daftari la njiani na kutoka kwenye picha zenyewe. Kila faili la picha hubeba saa ya kupigwa, kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kihisi kunasa mwanga), hivyo namba zilizomo humu zimesomwa kwenye mafaili. Safari ilifanyika Julai, wakati wa kusi, na wiki ilichaguliwa makusudi iangukie mwezi mwandamo, kwa sababu zitakazoonekana tukifika kwenye habari za mashua.

Tulichofuata Kilwa ni kuta: kuta za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na nyumba za fito na udongo ambazo watu wanaishi ndani yake hadi leo. Picha nyingi za majengo haya zinazozunguka mtandaoni zina kasoro zile zile mbili. Ama chokaa imeungua, imekuwa nyeupe pee hata alama ya mwiko wa fundi haionekani. Ama picha imepikwa mno kwenye programu hadi jiwe limegeuka kijivu cha chuma na ukingo wa anga unang'aa. Kasoro ya kwanza huzuiwa pale pale uwanjani, ya pili mezani usiku.

Mzigo: kamera ya kihisi cha APS-C (saizi ya kati), lenzi ya milimita 16 na ya milimita 35, tripodi, kadi ya kijivu ya kupimia rangi, fimbo ya mita moja iliyopakwa mistari myeusi na myeupe ya sentimita 20, tochi ya LED, shuka jeupe, na timazi ya fundi mwashi, yaani uzi wenye risasi nchani. Simu nayo ilifanya kazi, na itapewa nafasi yake.

Alhamisi: Mbagala hadi Kivinje

Basi la kusini lilipangwa kuondoka Mbagala saa 12 asubuhi, likaondoka saa 2 kasoro, baada ya magodoro ya abiria mmoja kupatiwa nafasi kwenye keria. Nauli 20,000 kwa mtu. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko. Sehemu kubwa ya lami ni nzuri. Anayesafiri wakati wa masika aulize kwanza habari za Somanga: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii na magari yakakwama pande zote mbili.

Begi la kamera likae miguuni, lisiende kwenye buti ya basi. Vumbi la huko hupenya zipu, na mtikisiko wa saa sita hulegeza skrubu za tripodi. Ukishuka, kaza skrubu zote kabla ya kazi yoyote. Tripodi iliyolegea haionekani kwa macho, ila picha ya sekunde mbili itaionyesha.

Tulishuka Nangurukuru saa 8 mchana. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga kwa mama ntilie, 4,000 sahani. Mama mwenyewe alipoiona tripodi aliuliza kama tunapima barabara. Alipoelezwa, alimpigia simu mdogo wake mwenye bajaji, akatupeleka Kivinje kwa 5,000 badala ya 8,000 tuliyotajiwa stendi.

Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara karne ya 19, pembe za ndovu na watumwa wakiletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wajerumani nao wakaweka boma lao hapo, ufukweni. Leo boma limechakaa sana, na mtaa wa nyumba kongwe una kuta zilizopasuka, milango ya nakshi iliyobaki kwenye fremu zake, na mimea inayoota kwenye nyufa.

Alasiri mtaa ule haupigiki vizuri. Ni mwembamba, upande mmoja uko juani na mwingine kivulini, na kipimo cha kamera kilionyesha tofauti ya hatua nne kati ya pande hizo. Hatua moja maana yake mwanga kuongezeka au kupungua mara mbili, kwa hiyo hatua nne ni mara 16. Faili la RAW, yaani data ghafi ya kihisi, hubeba tofauti hiyo. JPEG iliyotengenezwa na kamera hupoteza upande mmoja. Tulipiga picha chache za kumbukumbu, tukakaa barazani kwa watu kusubiri.

Jua lilizama saa 12:18 jioni. Baada ya hapo kuna dakika kama 20 ambazo anga bado lina mwanga na mtaa hauna kivuli kikali popote. Hizo ndizo dakika za mitaa ya aina hii. Mwanga hushuka upesi kwetu sisi tulio karibu na ikweta, kwa hiyo kila kitu kiwe kimepangwa mapema: tripodi imekaa, fokasi imefungwa kwa mkono, ISO 100, tundu la lenzi f/8. Saa 12:28 picha ilihitaji nusu sekunde. Saa 12:38 ilihitaji sekunde 4. Zima kitulizi cha mtikisiko kamera ikiwa kwenye tripodi, maana injini yake hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise shata. Anayepita kwa miguu kwenye picha ya sekunde 4 hubaki kama moshi hafifu. Aliyekaa barazani akitulia hubaki mtu kamili, basi mwombe ruhusa kwanza.

Ijumaa: nyumba za udongo, na kibali

Asubuhi ya mapema ilikuwa ya nyumba za fito na udongo. Hizi ndizo ngumu kuliko misikiti yote. Paa la makuti hushuka chini na upenu wake hutia giza ukuta mzima, huku uwanja wa mchanga mbele ukiwaka jua. Ukipima mwanga kwa uwanja, ukuta unakuwa shimo jeusi. Ukipima kwa ukuta, uwanja unaungua. Dawa ni nyepesi: tandika shuka jeupe chini juani, mita moja au mbili mbele ya baraza, nje ya fremu. Jua linaligonga shuka na kurudi chini ya upenu. Pale Kivinje shuka moja liliongeza mwanga wa ukuta kwa hatua moja hivi, na vidole vya mkandikaji vikaonekana kwenye udongo. Flashi ya kamera haifai hapa, maana inapiga ukuta moja kwa moja kutoka mbele na kufuta vivuli vidogo vinavyoonyesha umbile lake.

Nyumba iliyotushughulisha zaidi ilikuwa ya bibi mmoja, ukuta wake ukiwa na ufa kutoka kwenye linta hadi chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnautakia nini ukuta wangu?"

Akaelezwa. Akaingia ndani, akatoka na kigoda cha kukalia na chai ya rangi. "Pigeni. Lakini huo ufa msiufute kwenye mashine zenu. Mwanangu wa Dar akiona nyumba nzima hataleta pesa ya fundi."

Ombi lake ndilo sharti tuliloshika safari nzima. Programu za kuhariri zina brashi ya kufuta doa kwa mguso mmoja, na ufa nayo huuona kuwa doa. Vumbi la kihisi lifutwe, kwa sababu halikuwepo ukutani. Ufa, ukoga mweusi, waya wa umeme na bati lililopachikwa juu ya makuti vilikuwepo, vibaki.

Ukuta ule pia umeinama. Hapa ndipo picha nyingi za majengo ya kale zinapoharibiwa bila mpigaji kujua. Ukiinua lenzi juu ili paa lienee, kuta zote huegemea ndani kama zinaanguka kwa nyuma. Programu ina kitufe cha kuzinyoosha zenyewe, na ukikibonyeza inanyoosha kila kitu, pamoja na ukuta ambao kweli umeinama. Nyumba inayohitaji nguzo ya kuishikilia inatoka kwenye picha ikiwa wima.

Timazi inamaliza ubishi. Ining'inize kwenye boriti ya upenu, karibu na uso wa ukuta. Kusi ikivuma haitatulia, basi tumbukiza risasi yake kwenye kikopo cha maji, jinsi mafundi wanavyofanya. Maji yataizuia isiyumbe. Piga picha moja nayo, iondoe, kisha piga picha zako bila kugusa tripodi. Usiku, kwenye programu, nyoosha picha ya timazi hadi uzi wake uwe wima kabisa, halafu nakili marekebisho hayo hayo kwenda kwenye picha nyingine. Ukuta ulioinama utabaki na mwinamo wake halisi. Anza na marekebisho ya lenzi kabla ya hayo, kwa sababu lenzi ya milimita 16 hupinda mistari ya pembeni, na mstari uliopinda huwezi kuusimamisha.

Bora zaidi ni kutoinua lenzi kabisa. Weka kamera sawa kwa pimamaji iliyomo ndani yake, rudi nyuma, tumia lenzi pana, acha mchanga mwingi chini ya picha, kisha ukate baadaye. Utapoteza theluthi ya pikseli lakini jengo litakuwa salama.

Kwa wenye simu: tumia lenzi kuu, ile ya mara 1. Ile pana zaidi hupinda kingo, na kwenye simu nyingi kihisi chake ni kidogo. Bonyeza ukutani na kushikilia hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha shusha mwanga kidogo, kama theluthi mbili ya hatua. Ikiwa simu ina hali ya kitaalamu yenye mafaili ghafi ya DNG, iwashe. Na ufute lenzi: chumvi ya bahari na mafuta ya vidole hutengeneza ukungu mweupe ambao hakuna programu itakayouondoa vizuri.

Ijumaa mchana kila kitu husimama kwa ajili ya sala, na ni haki kisimame. Tuliondoka Kivinje mapema, tukafika mji wa Kilwa Masoko kabla ya saa 5 ili tuwahi ofisi ya vibali. Visiwa vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, penye magofu, haviingiliki bila kibali na mwongoza wageni. Mtanzania hulipa ada ndogo kuliko mgeni, na stakabadhi hukaguliwa mnapofika. Sema mapema kwamba utabeba tripodi na kwamba utataka kukaa hadi jioni. Droni ina taratibu zake nyingine kabisa. Asiye na kibali chake aiache nyumbani.

Nyumba ya wageni Masoko, 25,000 kwa chumba chenye feni. Usichague chumba chenye kiyoyozi ikiwa utatoka na kamera alfajiri: lenzi iliyopoa ikikutana na hewa ya baharini hutoka jasho, nje na ndani. Aliyenacho aiache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa baada ya kutoka.

Jumamosi: Kisiwani

Mwezi ukiwa mwandamo, bahari huwa ya bamvua. Maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kupita kiasi kwenye saa 4 na saa 5 asubuhi, tofauti ikizidi mita tatu. Kwa mpigaji picha huu ndio mpangilio mzuri: unavuka asubuhi maji yakiwa bado yapo, unafanya kazi, unarudi jioni maji yamerudi. Wiki ya maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, mambo hugeuka, na huenda ukatembea kwenye tope na tripodi begani. Mashua ipatane kwa siku nzima, mafuta na saa za kusubiri zikitajwa waziwazi. Nahodha aliyezoea watalii wa saa mbili hataelewa kwa nini mtu akae hadi jua kuzama.

Jua lilichomoza saa 12:38. Tulikuwa tumekwisha kushuka, chini ya Gereza, ngome ya Wareno ya mwaka 1505 iliyojengwa upya na Waomani baadaye.

Kabla ya kufungua tripodi, elewa jua linapita wapi. Kilwa iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Julai jua huchomoza kaskazini-mashariki, hupita upande wa kaskazini na kuzama kaskazini-magharibi. Ukuta unaotazama kusini hauoni jua siku nzima. Na Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Kilwa, kwa hiyo ukuta wa kibla wa misikiti hii ni ule wa kaskazini. Matokeo yake: nje ya ukuta wa kibla hupata jua mchana kutwa msimu wa kusi, na mihrabu, kwa ndani, hukaa kivulini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari hali hubadilika, jua huwa kusini adhuhuri, na mihrabu isiyo na paa huweza kupigwa na jua moja kwa moja. Anayetaka mihrabu yenye vivuli vikali aje wakati wa kaskazi. Sisi tulitaka mwanga laini.

Umbile la chokaa huonekana pale mwanga unapokwangua ukuta kwa ubavu, kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 25. Saa moja ya kwanza ya asubuhi, Julai, nje ya ukuta wa kaskazini hupata pembe hiyo hasa. Ukuta wa mashariki wakati huo huo unapigwa usoni na huonekana bapa, kama karatasi. Usiupige alfajiri ati kwa sababu mwanga ni wa dhahabu. Urudie saa 5, jua likiwa limepanda na kuanza kuukwangua.

Mipangilio ya nje saa 1 asubuhi: ISO 100, f/8, 1/100 ya sekunde. Saa 4 jua kali: f/8, 1/400. Tulitumia hali ya mkono, M, ili anga likiingia kwenye fremu kamera isibadili mawazo. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, si kioo. Kioo cha kamera juani hudanganya. Kilima cha kulia kisiguse ukuta wa grafu, na kamera ikiwa na onyo la kuwaka-waka, chokaa isiwake hata doa moja. Chokaa kongwe ina ukoga mweusi mwingi, na kamera ikiuona weusi huo huongeza mwanga, ndipo sehemu nyeupe zinapoungua. Punguza theluthi mbili hadi hatua nzima. Usizidishe f/11 ukitafuta ukali: kwenye kihisi cha APS-C, f/16 huanza kulainisha picha nzima, na kila chembe ya vumbi kwenye kihisi hujitokeza angani.

Msikiti Mkuu una sehemu mbili. Ya kaskazini ni ya karne ya 11 na haina paa tena. Ya kusini ni upanuzi wa karne ya 14, wa zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na sehemu kubwa ya matao na makuba yake bado ipo. Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331. Ndani ya makuba giza ni zito na matundu ya mlango yanawaka. Picha moja haitoshi, hata ya RAW. Tulipiga tano kwa kila fremu, f/8, ISO 100: 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1, sekunde 4. Badilisha kasi ya shata tu. Ukibadilisha tundu la lenzi kina cha fokasi kitabadilika na picha hazitalingana zikiunganishwa. Fokasi tuliifunga mita 2, na kwa milimita 16 kwenye f/8 hiyo inatosha kuanzia karibu mita moja hadi mbali kabisa.

Rangi ndani ni mchanganyiko. Mwanga unaotoka mlangoni umepita kwenye majani na una ukijani. Wa kwenye upenyo wa paa ni wa bluu. Ardhi nayo hurusha wekundu chini ya nguzo. Weka kadi ya kijivu pale penye sehemu kuu ya picha, piga picha moja, endelea. Kila ukihama mwanga, piga kadi tena.

Kwenye Msikiti Mdogo wa Makuba, tazama juu. Kuba lina mashimo ya bakuli za kauri zilizokuwa zimepachikwa, na chache zimebaki. Kamera ilale chali chini, kipima muda sekunde 10, wewe toka nje ya mlango ili kivuli chako kisiingie.

Husuni Kubwa iko mwendo wa mguu kuelekea mashariki, juu ya genge. Jumba la mapema karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, na birika la pembe nane ambalo kila mgeni hulipiga. Lipige alasiri, kingo zikitupa kivuli ndani. Adhuhuri halina umbo. Kichujio cha poleraiza kinasaidia kuondoa mng'ao wa majani, lakini kwa milimita 16 huacha anga na doa jeusi upande mmoja, kwa sababu lenzi inaona anga pana kuliko eneo linaloathiriwa. Tulikitumia kwa milimita 35 tu.

Mchana, mke wa mwongozaji wetu alileta mihogo ya nazi na pweza, akakataa kulipwa. Tukakubaliana tutamletea picha ya nyumba yake, imechapwa. Wenyeji wa Kisiwani wanaishi katikati ya magofu haya, na kuna makaburi ambayo watu bado wanayazuru. Vua viatu ukiambiwa, na usipande juu ya ukuta wowote kutafuta pembe: chokaa ya kale haihimili uzito wa mtu pembeni.

Jumapili: Masoko, kusi kali

Nahodha alitazama bahari alfajiri akasema hapana. Siku ikawa ya mezani, na mandazi ya jirani.

Kwanza nakala: kadi kwenda kwenye kompyuta na diski ya nje, na kadi isifutwe hadi nyumbani. Kisha kioo cha kompyuta. Chumba chenye giza na kioo chenye mwanga wa asilimia 100 hukufanya uzitie giza picha zote bila kujua. Tulishusha kioo hadi karatasi nyeupe iliyowekwa pembeni yake ifanane nacho.

Mpangilio wa kazi ulikuwa huu, kwenye programu ya Darktable, na wa Lightroom hautofautiani sana. Marekebisho ya lenzi. Kunyoosha kwa picha ya timazi. Rangi kwa picha ya kadi. Ndipo mwanga. Sehemu angavu zishushwe hadi chembe za chokaa zirudi. Kwa kipimo cha Lightroom ni kama −40. Vivuli vipandishwe +25, vikizidi +40 chini ya matao hutokea chengachenga na rangi ya zambarau. Chumba cha kale chenye dirisha moja kina giza kwa asili yake. Kikiwa na mwanga sawa kila kona, mtazamaji hatajua mlango uko wapi.

Umbile, ile slaidi ya texture, +10 hadi +15. Clarity kidogo kuliko hiyo. Dehaze, slaidi ya kuondoa ukungu, tuliiacha sifuri kwenye kuta: inavuta chokaa kuelekea bluu na kuufanya ukoga uonekane kama masizi ya moto. Ikiwa bahari iliyo nyuma ina ukungu, itumie huko tu kwa kinyago, yaani kwa kuchagua eneo hilo peke yake. Mng'ao wa ukingo wa paa hutokana na kinyago cha anga kisichofuata makuti. Legeza kingo zake, au shusha anga kidogo tu, nusu hatua, basi.

Kuunganisha picha tano za ndani: programu itauliza kuhusu vizuka, yaani vitu vilivyosogea kati ya picha na picha. Mbayuwayu na majani kwenye matundu ya paa ndio wahusika. Chagua kiwango cha chini. Cha juu hula sehemu za picha na kuacha viraka vyenye chengachenga. Matokeo ya kuunganisha huwa bapa na ya kuchosha. Hilo ni sawa, ni malighafi. Rudishia weusi wake polepole hadi kuba lirudi kuwa kuba.

Ukali mwishoni, nusu kipenyo cha pikseli 0.8, kwa kinyago kinachoruka anga.

Umeme ulikatika saa 9 alasiri. Mwenye nyumba ya wageni alivuta waya kutoka kwenye sola ya duka lake bila kuombwa.

Jumatatu: Songo Mnara

Kusi ilitulia usiku. Tuliondoka kabla ya jua, kwa mashua ya injini, kamera zikiwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Maji ya bahari yakirukia lenzi usiyafute kwa shati: chumvi ikikauka ni chembe ngumu. Puliza, kisha futa kwa kitambaa kilicholowana maji baridi ya kunywa, kisha kikavu. Kushuka kulikuwa kwa miguu ndani ya maji kati ya mikoko, kama kawaida ya pale, tripodi ikitangulia begani.

Magofu ya Songo Mnara ni ya karne ya 14 hadi ya 16, nyumba nyingi zikiwa zimesimama na zidaka zake, yaani vishubaka vya ukutani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kuondolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kwenye picha za rekodi, viraka vya chokaa mpya vionekane tofauti na ya zamani. Ukisawazisha rangi zake kwenye programu, atakayekuja kulinganisha picha miaka 10 ijayo hatajua fundi aligusa wapi.

Zidaka ziko ndani, mwanga wake ni wa mbele na hafifu. Tulitumia tochi: kamera kwenye tripodi, ISO 200, f/8, sekunde 8, tochi ikishikwa mita moja pembeni, karibu kugusa ukuta kwa pembe, na kutembezwa polepole bila kusimama. Ikisimama huacha doa. Rangi ya LED ni tofauti na ya mchana, hivyo ziba mlango kwa shuka, upate mwanga wa aina moja, upige kadi. Kila chumba kilipata pia picha moja yenye fimbo ya mita, ikisimama bila kuegemea nakshi.

Saa 6 mchana nahodha aliita.

Jumanne: kurudi

Basi, Rufiji, foleni ya Kongowe.

Picha zilizochaguliwa zilihifadhiwa kwa namna mbili: TIFF ya biti 16 kwa kumbukumbu, na JPEG ya sRGB yenye upana wa pikseli 2,048 kwa kutumiana. Ndani ya kila faili tuliandika kijiji, jina la jengo, ukuta unatazama wapi, tarehe, na marekebisho yaliyofanywa. Maelezo yaandikwe ndani ya faili, sehemu ya metadata, maana jina la faili hubadilishwa na kila anayelipakua, na baadhi ya programu za kutumiana ujumbe hufuta metadata. Kwa hiyo tuma kama hati, si kama picha. Zilizochapwa, sentimita 20 kwa 30 kwenye karatasi isiyong'aa, zilikwenda kwa kondakta wa basi la Kilwa kwa 3,000: moja ya nyumba ya Kisiwani, na moja ya ukuta wa Kivinje, ufa wake ukiwa kamili kutoka linta hadi chini.